Sebule ya George na Hazel

Nilipoisoma "Harrison Bergeron" mara ya kwanza, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilikimbilia kwa mzee kumsimulia. Nilidhani nimepata silaha ya kumaliza ubishi wetu wa miaka mingi kuhusu Ujamaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Humo ndani kuna shule?" Nikabaki kimya.

Hadithi hiyo fupi ya Kurt Vonnegut ilitoka 1961, Vita Baridi ikiwa imepamba moto. Imewekwa mwaka 2081. Marekebisho ya katiba ya 211, 212 na 213 yameshaamuru watu wote wawe sawa kwa akili, sura na nguvu. Lakini Vonnegut hatupeleki bungeni. Anatukalisha sebuleni, ambako George na mkewe Hazel wanaangalia televisheni.

Hapo ndipo mandhari inapofanya kazi. George ana akili nyingi, kwa hiyo kavalishwa kiredio sikioni kinachompigia makelele kila baada ya sekunde ishirini hivi, wazo lolote likatike. Ana nguvu, basi shingoni ananing'iniza mfuko wenye ratili 47 za risasi za kuwindia ndege. Akipunguza risasi moja tu, ni jela miaka miwili na faini ya dola elfu mbili. Kwenye kioo cha televisheni, wacheza dansi wamefungwa mizigo na kufunikwa nyuso. Kijana wao Harrison, mwenye miaka 14, kabebeshwa vyuma kama ghala la chuma chakavu. Kumbuka ni 2081, ila sebule, jiko na bia ya kopo ni vya 1961 vilevile. Serikali haijajenga kitu. Imeongeza mizigo tu.

Nilichelewa sana kuliona hilo. Usawa wa hadithi ile haumpi mtu chochote, unanyang'anya tu. Hatuoneshwi darasa wala zahanati. Tunachooneshwa ni jela, bunduki na televisheni. Mzee wangu alianza darasa la kwanza 1974, ada ya shule ya msingi ikiwa imeshafutwa. Yeye usawa anaujua kwa sura ya dawati.

Kumbe sikuwa peke yangu kukosea. Mwaka 2005, katika kesi ya fedha za shule za umma jimboni Kansas, mawakili waliotaka wilaya zenye uwezo ziachwe zichangishe zaidi waliitumia hadithi hii. Vonnegut, akiwa bado hai, alisema huenda hawakumwelewa: yeye aliandika juu ya akili na kipaji, na utajiri si ushahidi wa kimojawapo.

Mwishoni Harrison anapigwa risasi hadharani, kwenye televisheni. George yuko jikoni kufuata bia. Anaporudi, Hazel ana machozi mashavuni, ila hakumbuki analilia nini. Wanaketi tena, sebule ileile.

Siku hizi nikiisoma, namsikia mzee akiuliza swali lake.