LUKU moja, wapangaji wanne: Namna ya kujua nani anakula umeme

MSALATO, Dodoma

KATA ya Msalato, iliyoko kaskazini mwa Jiji la Dodoma kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Arusha, imekuwa ikipokea wakazi wapya tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na zaidi baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuweka jiwe la msingi la uwanja wa ndege wa kimataifa, Oktoba 30, 2022.

Kama ilivyo katika maeneo mengine ya miji inayokua, si ajabu kukuta vyumba vinne au vitano vya kupangisha vikichangia mita moja ya umeme. Mwenye balbu na redio hutoa mchango sawa na mwenye jokofu na pasi, na umeme unapokatika kabla ya wiki kuisha kila mmoja humtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Chanzo cha ugomvi huo ni kwamba mita ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, husema uniti zilizobaki tu. Namba 20 zinazobonyezwa huingiza kiasi kilichonunuliwa, kisha mita hupunguza kadri umeme unavyotumika. Umeme umekwenda chumba gani, haijui.

Kuhesabu kwa fedha nako hupotosha. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia ununuzi wa LUKU, hivyo anayetumwa kununua siku ya makato hurudi na uniti pungufu na kudhaniwa ameiba. Hesabu ya haki ni ya uniti.

Kifaa cha kwanza cha kupimia kimo ndani ya mita yenyewe. Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzimika, na pembeni yake pameandikwa idadi ya miwako inayotimiza uniti moja. Ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh, miwako 1,000 ni uniti moja. Taa hiyo ikiwaka mara 25 kwa dakika, nyumba inatumia wati 1,500 kwa wakati huo. Ikichukua sekunde 36 kati ya mwako mmoja na mwingine, matumizi ni wati 100 tu.

Wapangaji wakizima kila kitu, kisha wakawasha chombo kimoja kimoja huku mmoja wao akihesabu kwa saa ya simu, watapata picha ya nyumba nzima kwa muda usiozidi nusu saa bila kutumia hata senti. Jokofu pekee husumbua, kwa kuwa huwaka na kupumzika. Hilo lipimwe kwa siku nzima.

Vihisi vya kisasa hufanya kazi hiyo hiyo bila mtu kusimama ukutani. Kipo kihisi cha mwanga kinachobandikwa juu ya taa ya mita na kuhesabu miwako usiku na mchana. Ipo plagi janja, inayochomekwa kati ya soketi na chombo na kupeleka vipimo kwenye simu kwa njia ya intaneti isiyo na waya. Kipo pia kibanio kinachozungushwa kwenye waya wa kila chumba ndani ya kisanduku cha fyuzi. Hiki ndicho kinachofaa zaidi nyumba ya wapangaji, kwa sababu hutenganisha chumba na chumba.

Hata hivyo, kibanio kifungwe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Aidha, lakiri ya mita haipaswi kuguswa kwa kisingizio cha kupima. Mnunuzi wa plagi naye ahakikishe imetengenezwa kwa volti 230, kwani nyingine huuzwa kwa ajili ya nchi za volti 120 na huungua mara inapochomekwa.

Vipimo hivyo mara nyingi humwondolea lawama mwenye televisheni na kumfikisha mwenye hita. Hita ya wati 1,500 inayochemsha ndoo kwa dakika 20 hula nusu uniti. Wakati wa kipupwe, baridi ya Dodoma inapouma asubuhi, watu wanne wakichemsha maji kila siku humaliza uniti 60 kwa mwezi kwa kuoga peke yake.

Idadi hiyo si ndogo ikilinganishwa na kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa daraja la D1, lililowekwa kwa ajili ya watumiaji wadogo wa majumbani, hulipa Sh100 kwa uniti ndani ya kikomo hicho, wakati mteja wa T1 hulipa Sh292. Ukiongeza kodi na tozo za asilimia 22, kama zilivyotozwa kwa miaka mingi, ni Sh122 dhidi ya takriban Sh356.

Baadhi ya wenye nyumba hufunga mita ndogo kwa kila chumba ili kumaliza malalamiko. Mita hizo hugawa deni kwa haki, lakini hazishushi bei, kwa kuwa TANESCO husoma mita yake tu na kuuhesabu ua mzima kama mteja mmoja.

Vyumba vinne vinavyotumia uniti 25 kila kimoja hufikisha uniti 100, na mita yao ikiwa T1 hulipa kwa pamoja takriban Sh35,600 kwa mwezi. Kila chumba kingekuwa na mita yake ya TANESCO katika D1, kingelipa Sh3,050, na vyote vinne Sh12,200.