Barua Fupi Zilizosaidia Kuzuia Vifo vya Kujiua

Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Joseph Franklin, walichapisha uchambuzi wa tafiti 365 zilizofanyika katika kipindi cha miaka 50. Matokeo yake yalivunja moyo: uwezo wa kubaini mapema nani atajiua ulizidi kidogo tu kubahatisha, na haukuongezeka katika nusu karne hiyo.

Kinga, hata hivyo, haikusubiri utabiri. Huko San Francisco, daktari wa magonjwa ya akili Jerome Motto aliwafuatilia watu 843 waliokuwa wamelazwa kwa sonona au kwa kutaka kujiua, ambao baada ya kutoka hospitali hawakuendelea na matibabu. Waligawanywa kwa kura. Kundi moja liliandikiwa barua kwa miaka mitano, jingine halikuandikiwa. Zilikuwa barua fupi za kujuliana hali tu, zisizodai jibu wala kumhimiza mtu arudi hospitali. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001, waliojiua walikuwa wachache zaidi miongoni mwa walioandikiwa, hasa katika miaka miwili ya mwanzo.

Mwenye mawazo ya kujiua, au ndugu anayemhofia, afike mapema katika kituo cha afya kilicho karibu.