Rangi si kigezo unapochagua kulanti ya lori

MWENYE lori anapofika katika duka la vipuri kwenye barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na kuomba kulanti, swali la kwanza analoulizwa mara nyingi ni kama anataka ya kijani au nyekundu. Swali hilo halimsaidii. Rangi hutiwa na kila kiwanda kwa hiari yake, wala hakuna kanuni ya kimataifa inayosema kwamba kijani ni ya aina hii na nyekundu ni ya aina ile. Lori lililosafishwa rejeta kikamilifu, kisha likajazwa kulanti isiyolifaa, laweza kusafiri miezi mingi bila dalili yoyote, hadi siku fundi anapofungua kifuniko cha oili na kukuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Chanzo cha hasara hiyo kimo ndani ya injini yenyewe. Injini nyingi kubwa za dizeli zina laina zinazoweza kutolewa na kubadilishwa, ambazo upande wake wa nje huguswa na maji moja kwa moja. Kila mara dizeli inapowaka, pistoni huigonga laina, nayo laina hutetemeka mithili ya ngozi ya ngoma. Mtetemo huo huzusha viputo vidogo sana vya mvuke kwenye ukuta wa laina, na viputo hivyo vinapobonyea huudonoa ukuta kwa nguvu. Kwa muda, vishimo huchimbika kutoka nje kuelekea ndani hadi laina inatoboka na maji kupenya kwenye oili. Hapo gharama si ya kulanti tena, bali ya kufungua injini nzima, huku mzigo wa watu ukiwa umelala kando ya barabara.

Kulanti ya magari madogo haikukusudiwa kuzuia maradhi haya, kwa kuwa injini nyingi za petroli hazina laina za namna hiyo. Ile ya dizeli kubwa hutiwa viungo maalumu, hasa nitriti, ikiwa peke yake au pamoja na molibdati, ambavyo huifunika chuma kwa utando mwembamba wa kinga. Kwa hivyo soma maandishi ya mtungi, hata yale madogo ya nyuma. Mtungi unaotaja ASTM D3306 pekee ni wa magari madogo. ASTM D6210 ni kulanti ya injini kubwa iliyokamilika. ASTM D4985 pia ni ya injini kubwa, lakini huhitaji kuongezewa viungo vya kinga kabla injini haijaanza kazi, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kazi imekwisha.

Hata hivyo, mtungi usiotaja nitriti usiukatae papo hapo. Zipo kulanti za kisasa za maisha marefu ambazo kinga yake hutokana na asidi za kikaboni, na baadhi ya viwanda vya malori huziamuru kwa injini zao. Ndiyo sababu kitabu cha gari kina usemi kuliko muuzaji. Mercedes-Benz hutumia nambari zake zinazoanza na 325, MAN ina ya 324, nayo Volvo ina VCS ya rangi ya manjano ambayo haifai kuchanganywa na nyingine. Kwa jumla, viwanda vya Japani vimezoea kulanti yenye fosfati na kuepuka silikati, ilhali vya Ulaya huziepuka fosfati kwa sababu zikikutana na maji magumu huzaa magamba. Mwenye kampuni iliyo na Isuzu na Actros katika yadi moja asitarajie pipa moja litoshe yote.

Kuna wanaouliza kulanti ni ya nini katika nchi isiyo na barafu barabarani. Jibu liko Timboroa. Kwenye mwinuko wa mita 2,700 hivi, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 91 za Selsiasi, na hicho ndicho kiasi cha joto ambacho injini ya dizeli huwa nacho ikivuta mzigo kupanda mlima. Kifuniko cha rejeta kikiwa kizima, shinikizo lake huzuia maji yasichemke. Kikilegea, dereva aliyejaza maji ya mfereji hana kinga yoyote. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu glaikoli huchemka karibu nyuzi 107 usawa wa bahari bila shinikizo, na hupita 125 ukiwa na kifuniko cha baa moja. Lakini usijaze glaikoli tupu ukidhani unaongeza nguvu: hubeba joto kidogo kuliko maji. Isizidi asilimia 60.

Usafishaji wenyewe hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa. Fungua vizibo vya rejeta na vya bloku pia, kwani rejeta peke yake huacha maji mengi ya zamani ndani. Ikiwa kibini kina hita, iweke kwenye joto. Jaza maji safi, washa injini hadi themostati ifunguke na mpira wa juu upate moto, zima, ngoja ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Wale waliotia bizari au ute wa yai kuziba tundu wajiandae kurudia mara nyingi zaidi. Na kama fundi wa zamani aliing'oa themostati ili “injini ipoe”, rudisha nyingine. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula dizeli na kuchakaa upesi.

Sasa hesabu. Baada ya kumwaga, maji ya kusafishia hayaishi yote, hubaki lita kadhaa kwenye bloku. Ukijaza mchanganyiko uliokwisha tayarishwa, utakuwa mwepesi kuliko ulivyokusudia. Ikiwa kitabu chasema mfumo una lita 40, nunua kulanti isiyochanganywa, tia lita 20 kwanza, kisha malizia kwa maji yaliyotoneshwa. Maji ya kisima yana chumvi na madini, na ya pwani ndiyo mabaya zaidi. Hula chuma na kujenga magamba pale joto linapotakiwa kutoka.

Yaliyomwagwa yakusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko. Ethilini glaikoli ina ladha tamu nayo ni sumu ya kuua. Mbwa na mbuzi huinywa, na watoto pia. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda, wala mtu asiivute mpirani kwa mdomo kama wafanyavyo na dizeli. Aliyeimeza apelekwe hospitali mara moja hata kama hajaonyesha dalili.

Baada ya safari ya kwanza, injini ikipoa, tazama tena kiasi, maana hewa iliyokwama hutoka polepole. Kisha andika jina la kulanti, nambari ya kiwango chake na tarehe kwenye kibandiko ukibandike juu ya tangi la akiba. Utingo atakayeombwa kuongeza maji usiku kule Salgaa huenda hakuwepo siku ile ya kusafisha.