Damu, Ngoma na Kiti cha Enzi

Wengi hudhani kwamba ugomvi wa kurithi enzi ni habari ya wafalme wa Ulaya ya kale, wenye mataji na maaskofu. Lakini mwenye kuichungua historia ya Shinyanga na nchi jirani ataona kuwa swali lilikuwa lilelile: nani mwenye haki ya kutawala, na haki hiyo yatoka wapi?

Zamani, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, mtemi hakurithiwa na mwanawe. Mrithi alitafutwa miongoni mwa wana wa dada zake, kwa kuwa baba huweza kutiliwa shaka, mama hawezi. Upande wa Geita mambo yalikuwa kinyume: watawala wa Wazinza, wa ukoo wa Wahinda, walihesabu nasaba yao kwa baba hadi kwa Ruhinda. Wala desturi ya kufuata mama si ya Afrika peke yake. Mtawa Bede, aliyemaliza historia yake mwaka 731, aliandika kuwa Wapikti wa kaskazini ya Britania, palipokuwa na shaka, walimchagua mfalme kwa upande wa mama.

Hata hivyo wapwa walikuwa wengi na kiti kimoja. Damu iliwataja wanaostahili; haikumtaja mmoja. Kwa Wasukuma kazi ya kuchagua ilikuwa ya banang'oma, wazee wa ikulu, na hao waliomweka mtemi waliweza pia kumwondoa, mathalani mvua ilipokosekana.

Hatari huingia pale mchaguzi anapotoka nje. Unyanyembe, kusini ya Shinyanga, Fundikira alifariki mwaka 1858, akafuatwa na Mnywa Sele. Speke, aliyeonana naye mwaka 1861, aliandika kuwa alikuwa mwana wa Fundikira kwa mjakazi. Lakini kwa kanuni ya zamani mwana wa mtemi hakuwa mrithi, awe wa mke au wa mjakazi! Kosa lake kubwa machoni pa Waarabu wa Tabora halikuwa uzazi, bali ushuru aliotoza bidhaa zao. Mwaka 1860 wakamsimamisha Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele alipigania kiti chake hadi alipouawa mwaka 1865. Naye Mkasiwa, kuanzia mwaka 1871, alijikuta katika vita vya Waarabu hao na Mirambo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Wafaranki pia. Mwaka 751 Pippin, asiye wa ukoo wa kifalme, alimwondoa Childeric wa Tatu kwa kibali cha Papa Zakaria. Childeric alinyolewa nywele ndefu zilizokuwa alama ya ufalme wake, akatiwa utawani. Mwaka 754 Papa Stefano alimpaka Pippin mafuta. Kisha Pippin akaenda Italia kumpigania papa.

Mwaka 1945 Kidaha alimrithi baba yake Makwaia katika utemi wa Usiha, Shinyanga. Mwana alikuwa amekwisha kushika nafasi ya mpwa, na mtemi hakukamilika bila kukubaliwa na Serikali ya Kiingereza. Mwaka 1963 Tanganyika huru iliondoa utemi kwa sheria, kwani kilichokamilishwa na serikali huweza kufutwa na serikali.

Basi tusomapo nasaba za wafalme, tusiishie kuuliza nani alimzaa nani. Tuulize pia nani alimketisha kitini, na alidai malipo gani.