Korea Kusini na Kuzaliwa kwa Mchezaji wa Geimu wa Kulipwa

Kazi ya kucheza geimu za kompyuta kwa mshahara ilikomaa Korea Kusini kabla ya kwingineko, na iliyoifungulia njia ni shida ya fedha. Mwishoni mwa 1997 nchi hiyo ililazimika kukopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Kampuni zilipunguza watu, na baadhi ya waliopunguzwa walitumia kiinua mgongo kufungua PC bang, vyumba vya kompyuta vya kulipia kwa saa. Kwa takriban won 1,000 kijana alipata mashine nzuri na intaneti ya kasi ambayo kwao haikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyumba hivyo vilishapita 20,000.

Kilichovijaza ni StarCraft, geimu iliyotolewa Machi 1998 na kampuni ya Blizzard ya Marekani. Mchezaji huchagua jamii moja kati ya tatu, Terran, Zerg au Protoss, kisha huchimba madini, hujenga ngome na kuunda jeshi kwa pamoja, na adui naye hangoji zamu. Mwaka 1999 Tooniverse, kituo cha televisheni cha katuni, kilirusha mashindano ya geimu hiyo. Watazamaji walivutiwa, na mwaka uliofuata wenye kituo walianzisha Ongamenet, televisheni ya geimu tu. Mwaka huohuo wa 2000 kiliundwa chama cha KeSPA kusimamia mashindano na kusajili wachezaji.

Maisha ya mchezaji yalikuwa ya kambini. Timu ililala nyumba moja, ikala pamoja na kufanya mazoezi saa 10 au zaidi kwa siku; vidole vya bingwa viligonga kibodi na kipanya mara 300 kwa dakika na kupita. Jukwaani aliketi ndani ya kibanda cha kuzuia sauti, kwa kuwa kelele za watangazaji na mashabiki zingemfichulia hila za mpinzani. Aliyezidiwa aliandika "GG", salamu ya kukubali kushindwa, ndipo akatoka.

Lim Yo-hwan, maarufu kama BoxeR, ndiye aliyeipa kazi hii sura. Alitumia Terran, jamii ambayo wengi waliiona dhaifu, akawa anapakia askari wachache kwenye ndege na kuwashusha nyuma ya ngome ya adui. Klabu ya mashabiki wake ilipita watu laki tano. Mwaka 2004 kampuni ya simu ya SK Telecom iliidhamini timu yake, ikaitwa T1. Julai mwaka huo T1 ilifungwa na Hanbit Stars katika fainali iliyochezwa ufukweni Gwangalli, Busan, mbele ya watu waliokadiriwa kufika 100,000. Jeshi nalo halikubaki nyuma: kwa kuwa vijana wa kiume hulazimika kulitumikia, mwaka 2007 Jeshi la Anga liliunda timu yake, ACE. Kwa matokeo timu hiyo ilikuwa hafifu, lakini iliwaokoa wachezaji na miaka miwili ya vidole kulala.

Udhaifu wa jengo zima ulikuwa kwenye msingi. Mpira wa miguu hauna mwenyewe. StarCraft ilikuwa na mwenyewe. KeSPA ilipouza haki za matangazo ya ligi mwaka 2007, Blizzard ilidai kuwa haki hizo ni zake, na mvutano ukafika mahakamani kabla ya suluhu ya 2011. Katikati ya mvutano huo, mwaka 2010, ikagundulika kuwa baadhi ya wachezaji walipanga matokeo kwa ajili ya wacheza kamari. KeSPA iliwafungia maisha wachezaji 11, akiwemo bingwa wa zamani Ma Jae-yoon. Wadhamini walianza kujitoa, na MBCGame, kituo kilichoshindana na Ongamenet, kikageuzwa cha muziki mwaka 2012.

Mashabiki walikuwa wameshahamia League of Legends ya kampuni ya Riot, inayochezwa watu watano kwa watano. T1 ilihama nao. Mwaka 2013 ilimsajili Lee Sang-hyeok, anayejulikana kama Faker, naye akatwaa ubingwa wa dunia mwaka huohuo, kisha 2015, 2016, 2023, 2024 na 2025. Riot haikurudia kosa la Blizzard, bali ilishika hatamu za ligi yenyewe. Katika Michezo ya Asia ya Hangzhou mwaka 2023 Korea ilishinda dhahabu ya League of Legends, na medali hiyo iliwapa wachezaji wake msamaha wa utumishi wa kawaida wa jeshi, kama ule wanaopewa wanariadha.