Hata Jengo Lina Cheti

Huku Ulyankulu, mkoani Tabora, ukitaja neno cheti mbele ya wazee, watanyamaza kwanza. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, mimi nikiwa mgongoni. Uraia wa Tanzania tulitangaziwa 2010, na vyeti vyenyewe vikaanza kutolewa 2014. Kwa hiyo mpwa wangu, anayefanya usafi kwenye maktaba moja ya umma huko Ubelgiji, aliponitumia picha ya karatasi iliyobandikwa karibu na mlango na kuandika, "Mjomba, huku hata jengo lina cheti," nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Karatasi hiyo ina mstari wa rangi, kijani mpaka nyekundu, unaoonyesha jengo linakula nishati kiasi gani kwa ukubwa wake. Umoja wa Ulaya uliagiza mwaka 2002 kwamba majengo ya umma yanayozidi mita za mraba 1,000 yaweke cheti mahali pa wazi. Kufikia 2015 kiwango kilikuwa kimeshushwa hadi mita za mraba 250. Mimi ni mwashi, na kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka 30. Nikajiuliza mpimaji wao wa nishati akiletwa huku, kwenye njia ya zamani ya misafara, ataanzia wapi.

Ningempeleka Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Limekarabatiwa, lakini umbo ni lilelile: kuta nene za udongo, paa bapa, baraza mbele, ua katikati. Nilikwenda Oktoba, mwezi ambao hapa joto hupita nyuzi 30 na hata kuku huhema. Nikapitisha mkono kwenye tundu la dirisha. Vidole viko nje juani, kiwiko bado kimo ndani ya ukuta, na ukuta wenyewe ni wa baridi kama mtungi. Siri yake iko kwenye uzito. Udongo hulimeza jua polepole, na joto la saa saba mchana likifika chumbani ni usiku, hewa ya nje imeshapoa. Juu mafundi walilaza magogo, wakapanga fito na kuzifunga kwa kamba za magome ya myombo, wakatandika nyasi, kisha wakashindilia udongo.

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857 walikuta matembe ya Waarabu na ya Wanyamwezi. Mirambo naye, aliyetawala huku kwetu kutoka Iselamagazi mpaka alipofariki Desemba 1884, aliishi ndani ya boma la udongo. Sitaki kulipamba tembe. Lilivuja. Mchwa walikula magogo, na asiyelisiliba paa upya kabla ya masika alilala na ndoo kitandani.

Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, na behewa halichoki kama bega la mpagazi. Bati likapata njia. Wajerumani wenyewe walijenga kuta nene na dari za juu, hawakuwa wajinga. Kilichotuponza ni kuchukua bati na kuacha ukuta na dari. Wakati wa vijiji vya ujamaa tukafundishwa maneno "nyumba bora", na tembe likawa nyumba ya aibu.

Nami nimeshiriki. Kuna madarasa mawili niliyoyajenga mwenyewe, sisemi wapi. Tofali za kuchoma zilimaliza myombo kilima kizima, kwa sababu tanuru halina huruma. Kiwanja kilitazama barabara, kwa hiyo upande mrefu wenye madirisha ukaelekea magharibi. Dari ilikuwamo kwenye makadirio, ikafutwa. Nilisema, nikaambiwa fundi ajenge. Mpaka leo, saa nane mchana, watoto husogeza madawati kukifuata kivuli mpaka wanabanana ukuta mmoja, na mvua ikinyesha mwalimu huacha kufundisha, maana bati humshinda sauti. Mpimaji angetoa rangi gani? Madarasa hayo hayana hata balbu. Kwenye karatasi yake yangeonekana yanatumia sifuri, yakapewa kijani.

Ofisi moja ya kijiji hapa jirani ina umeme. Ina kuta nyembamba za bloku, bati kichwani, na feni mbili zinazozungusha joto lilelile. Uniti za luku zikiisha kabla ya fedha za mwezi kuja, mtendaji hachelewi: huchukua daftari, wino na muhuri, akatoka. Barua yangu ya mwisho ya utambulisho iligongwa muhuri chini ya mwembe, juu ya goti lake.