Mwenye Mradi au Mwenye Ufunguo? Kisa cha Langoni na Debian

Kimya kimekuwa kirefu, najua. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala mbinu ya kuipa kompyuta yako kasi. Nina kisa cha mradi uliokufa, kisha historia kidogo.

Tulikuwa watu wanne. Tulianza programu huria ya kukusanya maneno ya bahari ya Kiamu: majina ya pepo, ya kamba, ya sehemu za jahazi, maneno ambayo wazee wakiondoka huondoka nayo. Kila mtu alifanya alichopenda. Neno la siri la seva na la jina la tovuti alikuwa nalo mmoja wetu, kwa sababu tu siku ya kulipia yeye ndiye aliyekuwa na kadi ya benki. Baadaye akapata kazi ng'ambo, akaoa, akabadilisha barua pepe. Malipo ya tovuti yakaisha muda wake. Nakala tuliyokuwa nayo sisi ilikuwa ya miezi 7 nyuma. Maneno zaidi ya 300 yakapotea, na mzee mmoja aliyetupa mengi ya maneno hayo alikuwa ameshafariki. Hakuna aliyeiba kitu wala hakuna aliyegombana na mwenzake. Hatukuandika tu popote nani ana jukumu gani.

Kisa hiki nilimsimulia mzee mmoja tukiwa barazani Langoni. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Mwanangu, huyo alikuwa mwenye mradi au mwenye ufunguo?"

"Mwenye ufunguo, maalim."

"Basi mbona mkamwachia mradi?"

Akanyoosha mkono kuelekea Riyadha, akaendelea na kahawa yake. Mimi ikanichukua siku kadhaa kuelewa alichonionyesha.

Kwa wasioijua Lamu: mji una pande mbili kubwa. Kaskazini ni Mkomani, penye nyumba za mawe za waungwana. Kusini ni Langoni, ambako zamani nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti, makazi ya wageni, mafundi, Wangazija, Wahadhrami waliokuja karibuni, na watu waliotoka utumwani pamoja na wazao wao. (UNESCO ilipouweka mji mkongwe wa Lamu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, picha nyingi zilizosambaa zilikuwa za milango ya nakshi. Za Langoni sikuziona sana.)

Hapo ndipo Sayyid Swaleh bin Alawy Jamalilail, mzaliwa wa Ngazija ambaye watu wanamjua kama Habib Swaleh, alipojenga Riyadha, msikiti na chuo, karne ya 19 ilipokuwa inaisha na ya 20 inaanza. Elimu ya dini wakati huo ilikuwa na wenyewe. Mtu wa nasaba fulani alisomeshwa, wa nasaba nyingine alitosheka na sala yake. Habib Swaleh akawasomesha wote, hata wale ambao sheria ya nchi ilikuwa bado inawahesabu watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907. Pia akaleta maulidi ya Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, yakasomwa kwa matari mbele ya watu wote, mahali ambapo wakubwa wa mji walizoea Barzanji iliyosomwa kwa utulivu. Kelele za kupinga zilikuwepo, tena za watu wenye elimu zao.

Mpaka hapa ni hadithi ambayo sisi wa programu huria tunaipenda: mlango umefunguliwa, anayetaka aingie, na anayejua amfundishe asiyejua. Lakini mlango wazi nasi tulikuwa nao, na mradi wetu ukafa. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935. Riyadha haikufa naye. Wanafunzi wake walikuwa wameshatawanyika pwani nzima wakifungua madrasa zao, na hadi leo kila mwaka, wiki ya mwisho ya Mfunguo Sita, watu wanamiminika Langoni kwa Maulidi na ziara ya kaburi lake.

Ukiuliza mbona, wengi watakujibu kwa baraka za mwanzilishi, nami sibishani nao. Lakini mimi ni mtu wa programu, naangalia pia jinsi kitu kilivyofungwa pamoja. Uwanja wa Riyadha ni wakfu, na wakfu una majukumu ambayo sheria ya Kiislamu imeyapambanua kwa karne nyingi. Yupo aliyetoa mali. Akishaitoa si yake tena. Yupo msimamizi, ambaye anaitunza, anakarabati, anakusanya kodi kama ipo, lakini hawezi kuiuza, kuigawa wala kuirithisha. Wapo wanaonufaika. Kisha nje ya hao kuna wenye kazi: imamu anasalisha, khatibu anahutubu, mwadhini anaadhini, mwalimu anasomesha. Mtu mmoja anaweza kuwa na kofia mbili au tatu, na mara nyingi anazo, ila kila mmoja anajua ni kofia tofauti. Anayefungua mlango alfajiri akihama, msikiti hauhami naye.

Uongozi wa Riyadha wenyewe ulibaki katika ukoo wa Habib Swaleh, kwa wanawe na wajukuu. Njia hiyo kwenye miradi yetu isingefaa, nadhani. Hata hivyo inatatua jambo moja ambalo sisi tulilikwepa kwa aibu: kila mtu alijua anayefuata ni nani.

Sasa tuvuke bahari. Tarehe 16 Agosti 1993 kijana wa Marekani, Ian Murdock, alitangaza mradi wa Debian, jina alilolipata kwa kuunganisha jina la mchumba wake Debra na lake. Mwaka 1996 akang'atuka, akamwachia Bruce Perens. Wakati huo kiongozi alikuwa na madaraka kwa sababu tu watu walikubali kwamba anayo, na mradi ulikuwa unakua kupita uwezo wa mtu mmoja kuusimamia. Ian Jackson, aliyeongoza mwaka 1998, ndiye aliyeandika katiba, na wanachama wakaipitisha Desemba mwaka huohuo. Kuanzia hapo kiongozi anachaguliwa kila mwaka.

Niliisoma katiba hiyo upya baada ya yule mzee kuniuliza swali lake. Vifungu viwili vilinifanya niache chai ipoe. Cha kwanza kinasema hakuna anayelazimishwa kufanya kazi yoyote. Mtu wa kujitolea akikataa, amekataa, ila asihujumu maamuzi yaliyofikiwa kwa kufuata utaratibu. Cha pili: kiongozi anaweza kumkabidhi mtu jukumu na anaweza kumwondoa, lakini mtu huyo akishaamua jambo, kiongozi hawezi kulitengua. Fikiria bosi wa kampuni yoyote akikubali hilo! Wanachama wenyewe kwa kura wanaweza kumpindua kiongozi. Kuna kamati ya kiufundi ya watu wasiozidi 8 kwa mabishano yaliyoshindikana, na kuna katibu wa kusimamia kura na kuamua katiba ina maana gani.

Murdock alifariki Desemba 2015. Debian ilikuwa imeshaishi bila uongozi wake karibu miaka 20.

Python nao walisubiri zaidi. Guido van Rossum aliongoza tangu mwanzo, na Julai 2018, akiwa amechoka na mabishano, akajiuzulu bila kuteua mrithi. Miezi kadhaa ikapita watu wakijadili waongozwe vipi, kisha mapema 2019 wakachagua baraza la watu 5, na sheria kwamba wasizidi 2 wanaolipwa na mwajiri mmoja. Walibahatika: mwanzilishi alikuwa hai, anapokea barua pepe, na funguo zilikuwa zinajulikana ziko wapi.

Sisi tumeanza upya, watu watatu wa zamani na wawili wapya. Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu tuliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Maneno ni mali ya wote, kwa leseni inayokataza mtu kuyafungia. Msimamizi wa funguo anatajwa kwa jina, na mwenzake mwenye nakala ya funguo zote anatajwa pia. Mwenye kupokea maneno kutoka kwa wazee haamui juu ya seva, na wa seva haamui neno gani ni la Kiamu na lipi si la Kiamu. Kila mwaka, wiki moja baada ya Maulidi, tunakaa na kuulizana nani anaendelea na nani amechoka. Kusema umechoka si kosa.

Tulibishana jioni nzima juu ya nani awe na neno la mwisho mafundi wawili wa jahazi wakilitaja jina moja kwa namna mbili. Tukaamua yaandikwe yote mawili, na aliyetupa kila moja. Nafasi ya katibu bado haina mtu. Kila tuliyemwomba amesema ana shughuli.